Mashine imelipiwa, mgonjwa bado yuko ng'ambo

Shilingi 10,650. Hizo ndizo pesa ambazo Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, SHA kwa jina la kila siku, huilipa hospitali kila mara mgonjwa wa figo anapounganishwa na mashine damu yake ikasafishwa. Enzi za NHIF, bima iliyoitangulia SHA, zilikuwa 9,500. Mtu ambaye figo zake zimekufa kabisa husafishwa damu angalau mara mbili kwa wiki, na kipimo wanachokitaka madaktari ni mara tatu. Tuchukue hizo mbili: mara 104 kwa mwaka, shilingi 1,107,600. Hakuna muuza samaki wa Mtongwe, kibarua wa bandari anayekaa Chaani wala fundi wa ujenzi wa Bamburi awezaye kuzitoa mfukoni mwake. Serikali isipolipa, kwa nyumba nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe, hapa Mombasa, maradhi haya ni kifo cha wiki chache.

Nimeanza na hilo kwa sababu ni haki kulitaja. Wapo watu wanaotembea leo kwa sababu bima hii ipo. Lakini nikiutazama msaada wenyewe nauona umehesabu mashine ukamsahau anayeifuata. Kinacholipwa ni saa nne za kitandani. Yaliyo kabla na baada ya saa hizo mgonjwa ameachiwa mwenyewe, na huko ndiko familia zinakofilisika.

Mshike mgonjwa wa Mtongwe aliyepangiwa hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ile tuliyozoea kuiita Makadara. Zamu yake ikiwa ya alfajiri, huamka usiku. Bodaboda hadi kivuko cha Likoni, asimame na umati wa wanaokwenda kazini, ashuke ule mteremko wa kuingilia feri katikati ya mikokoteni na magunia, kisha ng'ambo ya pili atafute matatu au tuktuk. Kwenye feri mtembea kwa miguu halipi. Kwingine kote analipa, na aghalabu analipa nauli mbili kwa kuwa hawezi kurudi peke yake. Saa nne za mashine humwacha mtu na kizunguzungu, presha imeshuka, misuli ya miguu inakaza. Atavuka hivyo mara 208 kwa mwaka, kwenda na kurudi.

Wengi wa wanaoanza huwa bado wana bomba la shingoni. Limeshonwa kwenye mshipa mkubwa karibu na mtulinga na kufunikwa bandeji ambayo haitakiwi kulowa wala kuguswa, maana uchafu ukipita hapo unaingia moja kwa moja kwenye damu. Akina mama hulificha kwa mtandio. Dawa ya hilo ni upasuaji mdogo wa mkono, mishipa miwili iunganishwe. Baada ya wiki kadhaa ukiweka kidole juu yake unasikia mtetemo kama wa simu iliyozimwa sauti. Mkono huo hauchukui mzigo, haupimwi presha, haulaliwi. Mwambie hayo mtu ambaye kazi yake ni kubeba.

Halafu kuna sindano za kuongeza damu, kwa sababu figo mbovu huacha kutoa ile homoni inayouamrisha mwili utengeneze damu. Kuna vipimo vya kila mwezi, vidonge vya presha, insulini kwa wenye sukari. Kisukari na presha ndizo njia kuu zinazowaleta watu kwenye mashine, kwa hiyo anayefika pale huwa tayari ana gharama nyingine nyumbani. Dawa ikikosekana dirishani, familia huandikiwa karatasi waende kununua nje.

Na chakula. Mwambao huu unamtega mgonjwa wa figo kwa kila kitu kizuri ulicho nacho. Madafu hayamfai, yana potasiamu nyingi. Ndizi, embe na tende vivyo hivyo, na achari humtega kwa chumvi. Muhogo humenywa, hukatwa vipande vidogo, huchemshwa, maji yakamwagwa, ukachemshwa tena kwa maji mengine. Maji ya kunywa hupimwa kwa kikombe, katika jua la Mombasa. Potasiamu hiyo isipotolewa na mashine hujaa kwenye damu na inaweza kuusimamisha moyo ghafla. Ndiyo maana kukosa siku moja ya mashine ni jambo la roho ya mtu, hata kama kwa karani wa bima ni faili lililosubiri hadi Jumatatu.

Siku zinazokosekana hazikosekani kwa uvivu. Mara nyingi kisa ni kadi.

"Mama, bima yako haisomi."

"Hebu jaribu tena, mwanangu. Juzi ilisoma."

Chini ya sheria ya SHA, iliyotiwa saini Oktoba 2023 na kuanza kutumika kwa wananchi tarehe 1 Oktoba 2024, mwenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, pesa zinaondoka kabla hajaziona. Asiye na ajira huulizwa maswali kuhusu hali ya nyumba yake, apangiwe kiasi, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kisha hutakiwa kukilipa cha mwaka mzima kwa pamoja. Kwa kiwango cha chini kabisa hiyo ni shilingi 3,600 mkupuo mmoja. Kwa anayeishi kwa malipo ya siku hiyo ni pesa nyingi, na kwa nyumba yenye mgonjwa wa figo ni pesa ambazo zimekwisha tumika kwa nauli. Mwaka 2025 ulikuja mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kukopeshwa hiyo ada na kuilipa kidogo kidogo. Umesaidia, lakini angalia ulivyo: mtu ambaye mwili wake haufanyi kazi tena anakopeshwa ili aruhusiwe kutibiwa.

Maswali ya nyumba nayo yanastahili kutazamwa vizuri. Kuta ni za nini, paa la nini, choo cha aina gani, maji yanatoka wapi. Sasa nenda Majengo Mapya, Likoni, au Kisauni ndani, ukaone nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, kuta za saruji, paa la mabati, iliyoachwa na marehemu babu. Kwenye fomu inaonekana nyumba ya wenye uwezo. Haionekani kwamba ndugu wanne na watoto wao wanaigawana, wala kwamba baba aliyekuwa akileta riziki sasa analala mchana kutwa na miguu imevimba.

Kumpima mgonjwa kabla ya kumpa mashine hakukuanzia kwetu. Mjini Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dakta Belding Scribner alipopata njia ya kumuunganisha mgonjwa na mashine mara kwa mara, wagonjwa walizidi mashine. Ikaundwa kamati ya raia saba wasiotajwa majina, wakiamua nani aishi. Walitazama umri, ndoa, watoto, kipato, elimu, hata kuhudhuria kanisani. Jarida la Life liliifichua habari hiyo mwaka 1962 na watu wakashtuka. Mwaka 1971 mgonjwa mmoja, Shep Glazer, aliwekwa kwenye mashine mbele ya wabunge waliokuwa wakisikiliza hoja. Oktoba 1972 Marekani ikapitisha sheria: karibu kila mwenye figo zilizokufa atalipiwa na serikali, awe mzee au kijana. Nchi ile haina bima ya afya ya wote hadi leo, lakini kwa figo iliamua kwamba kamati haifai.

Sisi kamati tunazo, tena kadhaa. Tangu Desemba 1989, serikali ilipoanzisha uchangiaji wa gharama hospitalini, maskini ameambiwa kuna msamaha wa bili. Kuupata ni kuonana na afisa wa ustawi wa jamii, barua ya chifu, pengine ya mzee wa mtaa, na kusimulia umaskini wako mbele ya watu usiowajua huku foleni nyuma yako ikisikia. Wengi wa maafisa hao ni watu wema waliozidiwa na kazi. Anayeshindwa huko hukimbilia ofisi ya mheshimiwa, na asiyemjua mheshimiwa hufungua kundi la WhatsApp la mchango. Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa Pumwani, kwamba kumshikilia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha katiba. Hata hivyo katika nchi hii bado unasikia habari za maiti iliyozuiliwa na kitambulisho kilichoachwa rehani.

Watu wetu huchangiana, na sitaki kuudharau moyo huo. Misikiti na makanisa ya Likoni hadi Kisauni yameokoa maisha mengi. Lakini mchango ni wa jambo lenye mwisho: upasuaji, maziko, safari ya India. Kusafishwa damu hakuna mwisho hadi upandikizwe figo. Mwezi wa kwanza jamaa hutuma. Mwezi wa nne simu haipokelewi, na mgonjwa huanza kuona haya kuwa hai.

Pesa za kurekebisha haya si za kubuni. Sheria yenyewe ya 2023 iliunda mfuko wa tatu, wa dharura na magonjwa sugu, unaotakiwa kuchukua mzigo pale bima ya kawaida inapofika ukomo. Oktoba 2025 serikali kuu ilitangaza kuwalipia ada Wakenya milioni 2.2 wasiojiweza. Ningetaka mtu wa kwanza kwenye orodha hiyo awe yule aliye kitandani kando ya mashine, aandikwe na muuguzi siku ileile daktari anapothibitisha kwamba figo zimekufa, bila kuulizwa paa lake ni la nini, na kadi yake isizimwe maadamu yu hai. Hospitali nazo zilipwe kwa wakati. NHIF ilizikwa ikiwa na madeni ya mabilioni, na hospitali inayodai haiwezi kununua vichujio wala kulipa wauguzi.

Kwa serikali ya kaunti ombi ni la nauli na umbali. Huduma za hospitali za kaunti ni jukumu lake kwa mujibu wa katiba. Mpango wa serikali kuu wa vifaa vya hospitali, wa 2015, ulisambaza mashine za kusafisha damu katika kaunti zote, kwa hiyo kuzipeleka karibu na watu si jambo geni. Zamu za wagonjwa wanaotoka Likoni zisianze kabla feri haijapungua watu. Fungu dogo la usafiri, kwa majina yanayojulikana na siku zinazojulikana, ni rahisi kukagua kuliko matumizi mengi tunayoyasoma kwenye bajeti. Mikutano ya wananchi kuhusu bajeti huitishwa kila mwaka kwenye kumbi za kata. Wagonjwa hawawezi kufika, wako kwenye mashine. Waende watoto wao, na wake zao, wakiwa na hesabu ya nauli mkononi.