Usiisugue Sarafu ya Babu!

Je, msomaji, umewahi kufungua mkebe wa nyanya yako ukakuta sarafu kuukuu, zenye kichwa cha mfalme upande mmoja na simba upande wa pili? Basi zuia mkono wako!

Mwandishi wa makala haya hakuuzuia wake. Miaka kadhaa iliyopita nilirithi kwa babu shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1924. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Nikachukua jivu na ndimu, nikaisugua hadi ikametameta. Mnunuzi mmoja wa vitu vya kale aliitazama mara moja tu, akanirudishia. "Dada, umeichuna ngozi," akasema. Kweli, usilolijua ni usiku wa giza.

Bei ya sarafu ya kale haitokani na umri peke yake. Hutegemea pia uhaba wake, na hasa hali yake. Shilingi za 1924 zilitengenezwa kwa wingi, na fedha iliyomo ni robo tu. Kwa hivyo iliyochakaa haina bei kubwa. Ile ambayo haikutumika ndiyo inayotafutwa.

Utaijuaje hali yake? Ishike kwa ukingo, usiguse uso wake. Kaa karibu na taa, uchukue kioo cha kukuzia. Anza na sehemu zilizoinuka, maana ndizo huliwa kwanza: taji la mfalme na manyoya ya simba. Je, nywele bado zinahesabika, au pamekuwa bapa?

Kisha igeuzegeuze taratibu chini ya mwanga. Sarafu ambayo haijatumika huwa na mng'ao unaozunguka kama njiti za gurudumu la baiskeli. Iliyosuguliwa hung'aa mahali pote sawasawa, na kioo kitakuonyesha mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja, hata mabondeni ambako vidole vya watu havifiki.

Mnamo 1949 Mmarekani William Sheldon alitoa kipimo cha nambari 1 hadi 70, na wakusanyaji wengi hukitumia hadi leo. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazikuingia sokoni kamwe. Lakini usihadaike na maneno: muuzaji akikuambia sarafu ni "nzuri" tu, katika lugha yao hiyo ni nambari 4, karibu na mkiani!

Sarafu iliyosuguliwa hukataliwa au kushushwa bei, hata ikiwa nywele za simba zote zipo. Uchakavu ni kazi ya miaka. Mikwaruzo ni kazi yetu.

Basi likizo hii ukienda mashambani, ziache sarafu na weusi wake. Zitie kila moja katika bahasha yake kavu, kisha umwulize nyanya zilipatikanaje. Hadithi hiyo nayo, ikishapotea, hakuna ndimu ya kuirudisha.