Mashine Imelala? Usivute Kamba Kwa Pupa!

Kule Nkome, Geita, si ajabu kukuta mashine ya boti imetupwa uani, kuku wanalala juu yake. Mwenyewe alikimbilia machimbo ya dhahabu, bahati ikagoma, sasa karudi ziwani anavuta kamba kwa nguvu zote. Taratibu, mshikaji! Utaiua kabisa.

Kwanza toa plagi, mimina oili kidogo ndani ya silinda, iache ilale. Kesho yake zungusha kwa mkono, polepole. Mwaga petroli ya zamani, safisha kabureta, badili mpira wa pampu ya maji. Ndipo uiwashe ikiwa ndani ya pipa la maji. Pampu isiporusha maji, zima fasta!

Unadhani yako imeshakufa? Sikia hii. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao katika Ziwa Tanganyika, lakini kwanza walizipaka mashine zake grisi nene. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kumbe miaka minane majini haikuziua!

Basi ukienda tena machimboni, acha umeipa oili na grisi. Katikati ya ziwa hakuna gereji, bwana.