Ngoma Uwanjani, Neti Nyumbani

Mpunga ukishavunwa Ifakara, watu hutaka kucheza. Sangula haihitaji ukumbi. Inataka uwanja wenye mwembe, wapigaji wasiochoka na watazamaji wasioona haya kuingia katikati. Nenda mapema, na kofia na maji, ule wali na perege, kisha ukae karibu na wapigaji. Mwenye spika za kukodi akae mbali kidogo, tafadhali.

Shida huanza jua likizama. Hapo ndipo ngoma inapokolea, na ndipo mbu naye anapotoka. Mradi wa KINET, ulioanza mwaka 1996, ulieneza vyandarua Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu, na watoto wengi wakapona. Lakini chandarua hukaa kitandani. Baadhi ya mbu wa malaria huuma nje, tena kabla watu hawajalala.

Wataalamu wa Taasisi ya Afya Ifakara walitia dawa iitwayo transifluthrini katika mapambo ya mkonge na gunia, wakayatundika kwenye vilabu vya pombe vya wazi. Dawa hiyo husambaa hewani polepole, na wanywaji wakaumwa kidogo. Mpaka mapambo hayo yafike uwanjani kwenu, vaa mikono mirefu na upake dawa ya kufukuza mbu miguuni, maana ngoma ikikolea viatu hubaki pembeni. Na mtoto mchanga arudishwe nyumbani, ndani ya chandarua, kabla ya magharibi, hata kama bibi yake bado anacheza.