Je, Wajua? Ng'ombe Wako Anaishi kwa Siki!

Je, wajua? Choma kilo 1 ya mabua makavu ya mahindi, kisha choma kilo 1 ya punje za mahindi: joto linalotoka ni karibu sawa, megajuli 18 hivi! Sasa mlishe ng'ombe. Punje zitamwachia megajuli 13, mabua yatamwachia kama 7 tu. Zilizobaki zimetoka na mavi, mkojo na gesi.

Ulijua kwamba ng'ombe wa kilo 400 anahitaji megajuli 45 hivi kwa siku ili aishi tu, bila kutoa hata tone la maziwa? Nguvu hiyo ingewasha balbu ya wati 100 usiku na mchana kwa siku 5! Akishashiba hizo, kila lita ya maziwa yataka megajuli 5 nyingine. Piga hesabu mwenyewe: kilo 1 ya mahindi inaweza kubeba zaidi ya lita 2, mradi protini isipungue.

Na siki je? Ng'ombe hapati sukari nyingi kutoka kwenye mahindi. Vijidudu vya tumbo la kwanza huitangulia, huichachua, na asidi inayotoka kwa wingi ni ile ile ya siki yako ya kachumbari! Mililita 1 ya maji ya tumbo hilo ina bakteria wapatao bilioni 10. Watu wote duniani hawafiki idadi hiyo!

Shika na hii. Ndovu wa Tsavo unayemwona ukiwa Voi hameng'enyi hata nusu ya anachokula. Ng'ombe, kwa kucheua, humpita kwa mbali.

Wewe wa Wundanyi unayejitwika nyasi ya nepia, sikia: mzigo wa kilo 20 za nepia changa una kilo 16 hivi za maji. Chakula chenyewe ni kilo 4! Ndiyo maana wapimaji wa malisho huyakausha kwanza.

Mwatate, kwenye mojawapo ya mashamba makubwa kabisa ya mkonge duniani, kilo 100 za majani hutoa katani kilo 4 hivi. Makapi yaliyobaki yana sukari, na ng'ombe huyala! Protini yake ni haba, kwa hiyo ongeza mashudu au majani ya lukina.

Mafuta yana nguvu zaidi ya mara 2 ya wanga. Yakipita asilimia 6 au 7 ya chakula, vijidudu hulemewa na nyasi haisagiki vizuri. Ajabu, sivyo?

Mwaka 1902, huko Pennsylvania, Marekani, Henry Armsby alimfungia ng'ombe mzima ndani ya chumba kilichopima joto la mwili wake. Chumba kizima, kwa ajili ya ng'ombe mmoja!

Na mti wa mathenge? Ulipandwa karibu na Mombasa mwaka 1973 kufufua machimbo. Maganda yake ni matamu mno. Katika kesi ya mwaka 2006, wakazi wa Baringo walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyekuwa kibogoyo kwa kuyala! Maganda hayo yakisagwa ni chakula kizuri cha nguvu, na mbegu zilizovunjika haziwezi tena kuota kwenye samadi.