Ubao Ukifungika, Injini Ipi Inastahili Pesa Yako?

Injini ya sataranji inayoshinda karibu zote zinazouzwa haina bei. Stockfish hupakuliwa bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na simu ya kawaida ya Android inaibeba bila shida. Hata hivyo wachezaji wanaendelea kutoa pesa: huyu ananunua programu ya kulipia, yule analipia uanachama wa tovuti, mwingine anatafuta kompyuta yenye kadi ya michoro ya bei mbaya. Sababu wanayopewa mara nyingi ni kwamba katika mchezo wa kukabana, pale vitunda vya pande mbili vinapogongana katikati na njia zote kuziba, injini ya bure inahesabu tu bila kuelewa. Hapa tunalipima dai hilo, huku tukiuangalia mfuko wa mnunuzi.

Kwa nini kukabana ni mtihani

Injini yoyote inafanya kazi mbili. Inachungua hatua zijazo, kisha inakadiria hali ya ubao pale uchunguzi unapoishia. Ubao ukiwa wazi, kete zinaliwa na wafalme wanatishwa, kwa hiyo uchunguzi wa kina unaficha udhaifu wa makadirio. Ubao ukifungika mambo yanageuka. Kumhamisha farasi kutoka upande mmoja hadi mwingine, kumficha mfalme, kisha kusukuma kitunda cha kufungulia njia ni mpango unaoweza kuchukua hatua 15 au 20, na katikati yake hakuna linaloliwa. Hesabu ikikoma kabla mpango haujaiva, yanabaki makadirio peke yake.

Zamani udhaifu huo ulionekana hadharani. Novemba 2003 jijini New York, katika mchezo wa tatu dhidi ya X3D Fritz, Garry Kasparov aliufunga ubao mapema na kusonga taratibu upande wa malkia. Programu ilibaki ikisogeza kete huku na huko bila shabaha, hadi waendeshaji wake wakakubali kushindwa kwenye hatua ya 45. Mwaka 2008 Hikaru Nakamura alicheza na Rybka kwenye intaneti mchezo wa kasi uliofika hatua 271. Rybka, injini ya kulipia iliyoongoza soko wakati huo, ilikuwa na kete za ziada na ikajiona inashinda. Sheria ya hatua 50, inayoruhusu sare pale ambapo hakuna kitunda kilichosogea wala kete iliyoliwa, ilipokaribia kutimia, Rybka ilitoa kafara ili kuikwepa. Ubao ukafunguka kwa faida ya Nakamura, na mashine ikafungwa.

Mifano hiyo bado inatumiwa kuuzia watu programu, lakini imepitwa na wakati. Injini za enzi zile zilikadiria kwa kanuni zilizoandikwa na binadamu: ngome thamani yake hii, kitunda pweke kinakatwa hiki. Septemba 2020, Stockfish 12 ilipewa mtandao mdogo wa neva uitwao NNUE, ambao Yu Nasu wa Japani aliubuni mwaka 2018 kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani. Kufikia Stockfish 16.1, Februari 2024, kanuni za mkono ziliondolewa kabisa. Kwa hiyo anayekuambia leo kwamba Stockfish haielewi mchezo wa kukabana huenda anaizungumzia programu ambayo haipo tena.

Stockfish: bure, na inatosha wengi

Gharama yake halisi ni betri na muda. Kwenye simu, hali iliyokabana huhitaji dakika kadhaa za kufikiri, si sekunde tano, na simu itapata joto. Kwenye tovuti ya Lichess, ambayo ni shirika lisilo la faida la Ufaransa, Stockfish inafanya kazi ndani ya kivinjari bila malipo. Unaweza kuchagua toleo jepesi la takriban MB 7 au zito linalokaribia MB 80. Lile zito hukadiria vizuri zaidi, basi lipakue mara moja ukiwa kwenye Wi-Fi badala ya kula bando.

Nguvu yake katika ubao uliofungika ni kwamba haichoki kujaribu. Udhaifu uliobaki ni wa namba. Stockfish inaweza kuonyesha faida nzuri kwa Mweupe kwa hatua 30 mfululizo pasipo njia yoyote ya kuingia. Dalili ya kuigundua ipo: makadirio yake hupunguzwa kadiri hesabu ya hatua 50 inavyosogea. Ukiona namba inashuka polepole kila mnapocheza bila kusukuma kitunda, injini inakiri taratibu kwamba haina mpango.

Leela: bure, ila kadi yake si bure

Leela Chess Zero ilianza mwaka 2018 baada ya kampuni ya DeepMind kutangaza programu yake, AlphaZero. Desemba 2017 AlphaZero iliishinda Stockfish 8 michezo 28 na kutoka sare 72, bila kupoteza hata mmoja. Kilichowashangaza wengi ni kwamba ilichungua takriban hali 80,000 kwa sekunde, wakati mpinzani wake alichungua milioni 70. Ilikuwa inachagua, haikuwa inapekua kila kona. AlphaZero haikuuzwa wala kutolewa kwa umma, na Leela ndiyo iliyoufikisha mtindo huo kwa watu wa kawaida.

Katika michezo ya kukabana Leela ilijipatia sifa kwa haki. Ilithamini nafasi, ilitambua askofu aliyefungiwa nyuma ya vitunda vyake mwenyewe, na ilisukuma kitunda cha pembeni hatua kumi kabla ya sababu yake kuonekana. Badala ya namba moja, pia inaweza kukuonyesha uwezekano wa kushinda, sare na kushindwa kila mmoja peke yake. Kwa ubao uliofungika hiyo ni taarifa bora, kwa kuwa namba moja haitofautishi faida ndogo yenye uhai na faida kubwa isiyoingilika.

Shida ni mashine. Leela inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida, lakini kwa mwendo wa konokono; inataka kadi ya michoro, na hasa ya NVIDIA. Kadi ya daraja la kati kama RTX 3060 ilitoka mwaka 2021 kwa bei elekezi ya dola 329, kabla ya usafiri, ushuru na faida ya muuzaji wa kwenu. Inakula umeme hadi wati 170, maana yake ukiiacha ichambue saa sita usiku, kadi peke yake inamaliza takriban uniti moja. Kompyuta iliyobaki ina hesabu yake.

Jambo ambalo mnunuzi haambiwi ni kwamba pengo limepungua. Tangu Stockfish 14 ya mwaka 2021, mitandao yake imekuwa ikifunzwa pia kwa data zilizozalishwa na Leela. Sehemu kubwa ya ule uelewa uliokuwa ukinunuliwa kwa kadi ya dola 329 sasa inakuja ndani ya faili la bure. Leela bado inatoa maoni yenye mwelekeo tofauti, na tofauti hiyo ina faida, lakini kununua kadi kwa ajili yake tu ni hesabu iliyokuwa na maana zaidi mwaka 2019 kuliko leo.

Za kulipia: unalipia nini hasa?

Methali ya rahisi huvunja upishi haina kazi katika soko hili. Mwaka 2021 kampuni ya Ujerumani ya ChessBase iliuza Fat Fritz 2 kwa euro 99.90, zaidi ya shilingi 250,000 za Tanzania kwa viwango vya wakati huo. Waandishi wa Stockfish walionyesha kwamba ndani yake mlikuwa na Stockfish iliyobadilishiwa mtandao na vitu vichache. Walifungua kesi Julai mwaka huo kwa kuvunjwa kwa masharti ya leseni, na Novemba 2022 pande mbili zikafikia makubaliano. ChessBase iliacha kuuza Fat Fritz 2 na injini nyingine, Houdini 6.

Kisa hicho hakimaanishi kwamba kila kinacholipiwa ni bure kilichovishwa kanzu. Programu ya Fritz, ambayo kwa kawaida huuzwa chini ya euro 100, inakupa mazingira ya kazi: ubao mzuri, hifadhi ya michezo, mazoezi, na uwezo wa kuweka Stockfish ndani yake. Ukitaka hayo, lipa. Usilipe ukidhani unanunua macho makali zaidi kwa mchezo wa kukabana.

Komodo Dragon, iliyo chini ya Chess.com tangu kampuni hiyo iinunue Komodo mwaka 2018, ina hoja nyingine. Bingwa mkuu Larry Kaufman alishiriki kuijenga, na programu hiyo ina mitindo na viwango vya kuchagua. Anayetaka mpinzani wa kufanya naye mazoezi, anayejilinda bila kucheza kama mungu, atapata kitu hapo. Uanachama wa kulipia wa Chess.com nao unaondoa ukomo wa mapitio ya michezo na kukupa maelezo kwa maneno. Maelezo hayo humsaidia anayeanza, ila katika ubao uliofungika hutegemea namba ile ile ya injini, na namba ikikosea, maneno nayo yanakosea kwa ufasaha.

Jaribio la kufanya kabla ya kulipa

Mwaka 2017 taasisi yenye jina la mwanafizikia Roger Penrose ilitoa hali moja ya ubao inayofaa kuwa mzani. Mweupe: mfalme e2, vitunda a2, b3, c4 na c6. Mweusi: mfalme a6, malkia a5, ngome a4 na b5, maaskofu e5, f4 na g3, vitunda a3, b4, c5, b6 na a7. Ni zamu ya Mweupe.

Ukihesabu kete, Mweusi ameshinda zamani, na programu za wakati ule zilisema hivyo. Lakini malkia, ngome zote mbili na mfalme wa Mweusi hawana pa kwenda; ni maaskofu tu wanaosogea, na wote watatu wako kwenye miraba ya giza. Mweupe akitembeza mfalme wake kwenye miraba ya mwanga, na akikataa kishawishi cha kula ngome, hakuna wa kumgusa.

Iweke hali hii kwenye injini unayotaka kuinunua. Usiishie kusoma namba ya kwanza. Cheza hatua 20 za mfalme na uone kama makadirio yanasogea kuelekea sifuri au yanabaki yaleyale. Fanya hivyo pia kwa mchezo wako mwenyewe uliokwama. Jaribio hili halikugharimu chochote, na linakuambia zaidi kuliko jedwali la viwango, ambalo limejaa michezo iliyofunguka.

Kuisoma namba

Tangu Stockfish 15.1 ya Desemba 2022, +1.00 haimaanishi kitunda kimoja cha ziada. Inamaanisha uwezekano wa asilimia 50 wa kushinda, injini ikicheza na injini mwenzake. Katika Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme, katikati ikiwa imefungwa, Mweusi anaweza kuonyeshwa yuko nyuma sana, huku vitunda vyake vikishuka kumwelekea mfalme wa Mweupe. Injini itajilinda kwa usahihi hatua 25. Mpinzani wako wa klabu huenda asiweze. Kwa hiyo namba hiyo ni jibu la swali ambalo wewe hukuuliza.

Nani achukue nini

Mchezaji wa simu au wa klabu: Stockfish kupitia Lichess, mistari mitatu ionyeshwe pamoja, dakika tatu kwa kila hali. Gharama ni bando la mara moja.

Mwenye kompyuta ya michezo ya video nyumbani: ongeza Leela, kwa kuwa kadi umeshailipia. Panapotokea tofauti kati yake na Stockfish kwenye ubao uliofungika, ndipo pa kuketi na kufikiri.

Mwalimu au anayetunza michezo mingi: Fritz au programu ya aina yake, kwa ajili ya hifadhi na mazoezi.

Anayefikiria kununua kadi ya michoro kwa sababu ya Ulinzi wa Kifaransa peke yake: asinunue. Sehemu tu ya dola 329 itamlipia kocha kwa saa kadhaa, na kocha atamweleza kwa nini kitunda kile kisukumwe leo na si kesho, kazi ambayo hakuna injini, ya bure wala ya kulipia, inayoifanya vizuri.