Mavi ya Nguruwe Elfu Tano Yaende Wapi?

Wewe mwenye nguruwe wawili au mbuzi watatu nyuma ya nyumba, unajua kazi ya mavi yao. Unayakusanya, unayachanganya na majani makavu, yanaoza, kisha unayapeleka shambani. Lengalenga zinapendeza na migomba inapata nguvu. Udongo hula mavi kama mtu alavyo ugali. Lakini hata mwenye njaa ana mwisho wa kula. Mpe sahani moja, atashukuru. Mpe sahani mia, chakula kitamwagika chini na kuoza. Udongo nao ni vivyo hivyo.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Nguruwe aliyekomaa hutoa karibu kilo 5 za mavi na mkojo kwa siku moja. Nguruwe wawili ni kilo 10, na kijana aweza kuzibeba kwa ndoo. Nguruwe 5,000 ni kilo 25,000, yaani tani 25, kila siku, siku ya jua na siku ya mvua. Nani atazibeba? Tena, atazipeleka wapi?

Katika nchi ya Marekani swali hili limesumbua watu miaka mingi. Liko jimbo moja upande wa mashariki, karibu na bahari, jina lake North Carolina. Zamani wakulima wengi wa huko walifuga nguruwe wachache wachache. Kisha, tangu mwisho wa miaka ya 1980, kwa muda wa miaka kumi hivi, nguruwe wa jimbo hilo waliongezeka kutoka chini ya milioni 3 mpaka karibu milioni 10. Lakini wafugaji hawakuongezeka, bali walipungua. Nguruwe waliwekwa katika majumba marefu, maelfu mahali pamoja, wasitoke nje hata siku moja. Katika wilaya ya Duplin, kwa kila mtu mmoja kuna nguruwe zaidi ya 20.

Sakafu za majumba hayo zina nafasi nyembamba. Mavi na mkojo huanguka chini, husukumwa kwa maji katika mabomba, na kuingia bwawa kubwa lililochimbwa nje. Bwawa hilo halina kifuniko. Humo mavi huoza, kisha maji yake hunyunyizwa juu ya mashamba ya majani. Njia hii ni rahisi, wala haina gharama nyingi. Lakini tazama mapatano yao yalivyo. Mara nyingi nguruwe ni mali ya kampuni kubwa, na chakula chao kinatoka kwa kampuni, lakini nyumba na bwawa ni mali ya mkulima, na mavi pia ni yake. Nguruwe wakiisha kunenepa, kampuni inakuja kuwachukua. Mavi haiyachukui.

Tarehe 21 Juni 1995, baada ya mvua nyingi, ukuta wa bwawa moja karibu na mji wa Richlands ulibomoka. Lita zaidi ya milioni 90 za mavi zilitoka, zikapita barabarani na katika mashamba ya majirani, zikaingia mto uitwao New River. Samaki walikufa kwa maelfu. Kwa sababu gani? Mavi yakiingia mtoni, vijidudu vinavyoyala hutumia hewa iliyomo ndani ya maji, na samaki hukosa pumzi. Mtu anaweza kuuona mto una maji tele, kumbe ndani yake hakuna uzima.

Basi sheria zikakazwa. Tangu mwaka 1972 nchi nzima ilikuwa na sheria ya kulinda maji, nayo ililihesabu zizi kubwa sawasawa na bomba la kiwanda: lisimwage uchafu mtoni bila kibali. Siku hizi nguruwe 2,500 wenye kilo 25 na zaidi wanatosha kuliita zizi kubwa, au ng'ombe 1,000 wa kunenepeshwa. Katika North Carolina mfugaji wa namna hii lazima awe na mpango ulioandikwa: ana mavi kiasi gani, ana shamba kubwa kiasi gani, na mimea yake yaweza kula kiasi gani. Lazima aache nafasi tupu juu ya bwawa kwa ajili ya mvua kubwa. Mafuriko yakitangazwa, lazima aache kunyunyizia shambani.

Mwaka 1997 bunge la jimbo lilikataza kwa muda mazizi mapya ya mabwawa hayo, na mwaka 2007 lilikataza kabisa. Hiyo ni sheria njema. Hata hivyo inafanana na mtu aliyefunga mlango wakati wageni wamekwisha kuingia. Mabwawa ya zamani yaliachwa yaendelee. Kimbunga cha mwaka 1999, kilichoitwa Floyd, kilizamisha mabwawa mengi pamoja na maelfu ya nguruwe. Baada yake serikali ilinunua haki ya kufuga katika mashamba zaidi ya 40 ya mabonde, ikayafunga mabwawa yao. Lakini mwaka 2018 kimbunga kingine, Florence, kilifurisha tena mabwawa karibu 30.

Majirani nao walichoka. Katika mwaka huo huo wa 2018 walisimama mahakamani, wakaeleza habari za harufu isiyowaachia kuanika nguo, na nzi, na magari ya mizigo yapitayo usiku. Wengi wao walikuwa watu weusi ambao jamaa zao walikaa pale kabla ya mazizi kujengwa. Mahakama iliwapa haki juu ya kampuni ya Murphy-Brown, iliyo chini ya Smithfield. Katika shauri la kwanza watu 10 walipewa dola milioni 50, lakini sheria ya jimbo iliweka kikomo, zikapunguzwa kuwa karibu milioni 3 na robo.

Labda utasema, «Harufu haiui mtu.» Basi sikia habari za Kanada, ambako hapakuwa na zizi kubwa, wala bwawa lililobomoka.

Katika jimbo la Ontario uko mji mdogo, Walkerton, wenye watu karibu 5,000. Mwezi wa Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha siku kadha mfululizo. Karibu na kisima kimoja cha mji, ambacho hakikuwa kirefu, lilikuwapo shamba lililotandazwa mavi ya ng'ombe. Ng'ombe wenyewe hawakuwa na ugonjwa wowote. Lakini ndani ya mavi yao kilikuwamo kijidudu kiitwacho E. coli O157. Mvua ilikishusha chini mpaka katika maji ya kisima, na maji yakaenda katika kila nyumba. Watu walianza kuumwa tumbo, wakahara damu. Watoto wengine waliharibika figo. Zaidi ya watu 2,300 waliugua, na 7 walikufa.

Jaji Dennis O'Connor aliwekwa kuchunguza jambo hili. Aliona kwamba mkulima hakuwa na kosa, maana alitunza mavi yake kwa kufuata desturi njema. Kosa lilikuwa kwa watunza maji. Dawa ya klorini waliitia kidogo kuliko ilivyopasa, na katika kitabu waliandika hesabu zisizo za kweli. Nao wakubwa waliopaswa kukagua walilegea. Mwaka 2002 Ontario ilitunga sheria mbili, moja ya maji ya kunywa na moja ya mbolea. Huko sasa hairuhusiwi kutandaza mavi karibu na kisima cha mji, pasipo kuacha mita 100.

Sasa twende nyumbani kwako. Huna nguruwe elfu tano, lakini mvua ya kwenu ni ileile iendayo kutoka juu kwenda chini. Zizi lako na lundo la mavi viwe chini ya kisima au chemchemi, si juu yake, tena mbali, mita 30 kwa uchache. Chimba mfereji mdogo upande wa juu wa zizi, maji ya mvua yapite kando. Funika lundo kwa majani ya migomba. Mavi mabichi usiyatie katika bustani ya mboga ziliwazo bila kupikwa. Yaoze kwanza miezi 4 au zaidi.

Mama, maji ya kunywa yachemshe, hasa baada ya mvua kubwa, ukayaweke katika bidoni safi yenye kifuniko. Kuchemsha huua vijidudu. Lakini ujue kwamba mavi mengi huacha chumvi fulani katika maji ya kisima, iitwayo nitrati, na hiyo haiondoki kwa moto. Ukiyachemsha sana, yanapungua na chumvi inazidi ukali. Mtoto mchanga akinyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo, damu yake hushindwa kuchukua hewa, na midomo yake hugeuka rangi ya buluu. Kwa hiyo mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama tu.

Na mtoto akihara damu, usingoje kesho, wala usinunue vidonge sokoni vya kufunga tumbo. Mpe maji ya chumvi na sukari kama ulivyofundishwa, umlete hospitali siku ileile. Ukifika, mwambie mganga maji ya nyumbani mnayachota wapi, na mvua kubwa ya mwisho ilinyesha siku gani.