Kiimbo na Mkato katika Kiingereza

Msemaji wa Kiingereza asemapo "You are coming", sauti ikashuka mwishoni, hutoa habari; ikipanda, huuliza. Maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni kasi ya mtetemo wa nyuzi za sauti zilizomo kooni, ambazo kwa mwanamume hutetemeka mara 100 na zaidi kwa sekunde, na kwa mwanamke yapata mara 200. Mpando na mshuko huo, uitwao kiimbo, si mgeni kwetu: "Utakuja" na "Utakuja?" hutenganishwa vivyo hivyo.

Ugumu uko katika mkazo. Atakaye kujitetea kwa Kiswahili huongeza maneno: "Si mimi niliyekichukua kitabu." Mwingereza huyaacha maneno yalivyo, akalikaza moja tu. Katika "I didn't take the book", mkazo ukiwa juu ya "I", yuko mwingine aliyekichukua. Ukiwa juu ya "book", kilichochukuliwa ni kitu kingine. Hakuna alama ya uandishi iwezayo kuonyesha tofauti hiyo. Mwandishi hupiga mstari chini ya neno, au huipanga sentensi upya.

Mkato ndio uikaribiao sauti zaidi, na kukosekana kwake kwaweza kuwa ghali. Sheria ya jimbo la Maine, Marekani, iliorodhesha kazi zisizolipiwa saa za ziada kwa kiwango cha juu, na orodha hiyo ikaishia kwa "packing for shipment or distribution" ya vyakula viharibikavyo. Je, hiyo ni kazi moja, kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza? Au ni mbili, kufungasha, na kusambaza? Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walisambaza tu, hawakufungasha. Kama sheria ingalisomwa kwa sauti, pumziko dogo baada ya "shipment" lingalitosha kuwanyima madai yao. Mkato haukuwapo hapo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliona kuwa maneno hayo yana utata, ikawaamulia madereva. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Bunge la Maine nalo likaiandika upya orodha: likatenganisha kazi kwa nukta mkato, hata kabla ya "or", na "distribution" likawa "distributing".